Samaki Wakavu wa Ujiji

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, na kwa kuwa samaki huyo ni mdogo, mwenye ngozi nyembamba, na nchi ya Kigoma ni nchi ya joto, anayempokea ufukoni alfajiri ana saa chache tu za kuamua atamfanyaje kabla hajaharibika. Katika saa hizo chache, ambazo tangu zamani aghalabu zimekuwa mikononi mwa wanawake, ndimo ilimochumwa sehemu kubwa ya utajiri wa mwambao ule, tokea zama za misafara ya pembe mpaka leo, ambapo jina la Kigoma likitajwa sokoni Tabora au Dar es Salaam, linalofuata mara moja ni jina la dagaa. Waliotuandikia tarikhi ya Ujiji, mji mkongwe wa mwambao huo, wameshughulika mno na pembe, na watumwa, na wasafiri wa Kizungu. Na mambo hayo yalikuwapo, hapana shaka. Walakini hakuna msafara uliopata kula pembe, na mji uliokusanya maelfu ya watu mbali na pwani kiasi kile ulihitaji kwanza kabisa chakula kisichooza. Chakula hicho kilitoka ziwani, na kilichokifanya kisioze ni jua na moshi.

Waarabu na Waswahili wa Mrima walianza kufika Ujiji mnamo miaka ya 1830 na 1840, wakakuta mwambao wenye watu wake, Wajiji, waliokuwa mafundi wa mitumbwi na wavuvi tangu zama za babu zao. Richard Burton na John Hanning Speke walipowasili mwezi wa Februari 1858, wakashukia Kawele, kijiji cha Ujiji, soko lilikuwa limekwisha kusimama na desturi zake zimekwisha kukaa. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu jambo, hakuacha kuandika habari za wingi wa samaki wa ziwa lile. Baadaye soko hilo likawa la kila siku, likiongozwa na watu wa pwani chini ya Mwinyi Kheri, na wageni waliopita baada ya hapo, Stanley, msafiri aliyekwisha kufika hapo mwaka 1871, aliporejea mwaka 1876 na Edward Coode Hore wa Misheni ya London aliyefika mwaka 1878, walistaajabu kuona lina sarafu yake lenyewe, nayo ni ushanga ulioitwa sofi, vipande vifupi mfano wa vijiti vya kiko vilivyovunjika, ambavyo kwavyo mtu aliweza kununua samaki, mafuta ya mawese, muhogo, mbuzi au chumvi.

Hapo yatupasa tusimame kidogo tulitazame soko hilo kwa macho ya mnunuzi. Waha walishuka kutoka nyanda za juu na mbuzi na nafaka. Wavinza walitoka mashariki na mafurushi ya chumvi. Wabwari walivuka kutoka rasi ya Ubwari, ng'ambo ya Kongo. Na watu wa pwani walileta nguo na shanga. Kila mmoja katika hao alikuwa na safari ya kurudi kwao, na kila mmoja alitaka kitu cha kurudi nacho ambacho kingefika kikiwa bado ni chakula. Samaki mbichi hakufaa ila kwa wenyeji wa mitaa ya Ujiji. Samaki mkavu alifaa kwa wote.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na wachukuzi wa zamani waliijua bila kalamu. Takriban robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na kutoka Ujiji mpaka Tabora, mji ambao Burton na wenzake wakiuita Kazeh, mwendo ulikuwa wa karibu wiki nne hata kwa msafara usiochelewa. Kumtwika mpagazi maji kwa wiki nne, tena maji yanayooza, ni jambo ambalo hakuna mwenye akili angelifanya; bali ukiyatoa maji hayo kwanza kwa jua au kwa moshi, mzigo ule ule wa frasila mbili huwa na nyama ya samaki mara tatu au nne ya ile ya mwanzo, wala njiani hauhitaji ila kukingwa na mvua na wadudu. Kwa hiyo ukavu haukuwa jambo la ladha wala la desturi tu. Ulikuwa ni tadbiri ya biashara, na bila tadbiri hiyo soko la Ujiji lingalikuwa soko la kijiji cha wavuvi.

Dagaa hukaushwa kwa jua, na kazi hiyo ni rahisi machoni pa mpita njia, ngumu kwa mwenye kuifanya. Mitumbwi ikifika, mama anayenunua hupima kwa ndoo au kwa sufuria, na kabla jua halijapanda huwa amekwisha kuwatandaza dagaa juu ya mchanga au changarawe, tabaka moja jembamba, asimwache dagaa akalala juu ya mwenziwe, kwa sababu pale wanapogusana ndipo uozo uanziapo. Adhuhuri huwageuza kwa ufagio mwepesi, akienda kinyumenyume ili asiwakanyage. Jua likiwa kali na upepo ukivuma, jioni huwa wamekakamaa, na rangi yao hung'aa kama fedha. Mawingu yakitanda, wakalala mpaka siku ya pili, rangi hugeuka kuwa ya manjano na bei hushuka nusu. Ndiyo maana wanawake wa ufukoni, wakati wakigeuza, hutupia macho milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Tangu mwezi wa kumi na moja hata wa nne, mvua hunyesha, na zipo siku ambazo shehena nzima ya usiku mmoja huoza juu ya mchanga pasipo la kufanya. Hasara hiyo humwangukia mwenye kukausha peke yake, kwani mvuvi amekwisha kulipwa. Sijui kazi nyingine mwambaoni ambayo mtu huweka rasilmali yake yote wazi chini ya mbingu kila asubuhi, akaiachia rehema ya Mungu mpaka jua lichwe.

Migebuka ni habari nyingine. Huyu ni samaki mrefu, mwembamba wa kiwiliwili, mwenye mafuta mengi mwilini, na mafuta hayo ndiyo yamfanyayo kuwa mtamu na ndiyo yamfanyayo kuwa mgumu wa kukaushwa kwa jua pekee, maana nje hukauka hali ndani bado mbichi, kisha mafuta yakavunda. Kwa hiyo yeye, pamoja na sangara, na kuhe, na samaki wengine wakubwa, huhitaji moto. Mkaushaji humpasua kutoka mgongoni, akamfungua kama kitabu, akatoa matumbo na mashavu, akamwosha damu yote kwa maji ya ziwa, maana damu ikibaki karibu na mfupa hugeuka nyeusi na kuchachuka. Kisha humwacha achuruzike. Chanja hufanywa kwa fito mbichi, siku hizi kwa waya, juu ya shimo au ya kuta fupi za udongo, na samaki hupangwa upande wa ngozi ukitazama chini. Moto wa kwanza huwa mkubwa kidogo, ili nyama ikaze isije ikapasuka na kudondokea motoni. Ikikaza, kuni kavu huondolewa, zikatiwa kuni zenye unyevu au magome, na chanja nzima ikafunikwa kwa mabati au magunia, na hapo ndipo moshi uanzapo kazi yake. Mkaushaji hodari haondoki. Mafuta yakidondoka, moto huruka, na mwali mmoja waweza kuunguza safu nzima katika muda wa mtu kwenda kisimani na kurudi. Hukaa hapo mchana kutwa, na pengine usiku pia, akigeuza, akibadilisha mahali pa wale wa pembeni na wale wa katikati, mpaka ngozi iwe rangi ya dhahabu iliyokoza na mkia ukikunjwa ukatike pasipo kunyumbuka. Samaki wa namna hiyo, akihifadhiwa penye hewa, hukaa majuma mengi.

Moshi haufukuzi nzi tu, kama wengi wadhaniavyo. Joto lake huondoa maji, na ndani yake mna viasili vitokanavyo na mti unaoungua ambavyo huingia katika nyama ya juu, vikazuia vijidudu vya uozo na kuyachelewesha mafuta yasivunde. Wazee wa Ujiji hawakuwa na majina ya viasili hivyo, lakini walijua mti upi una moshi mchungu na mti upi una moshi mwema, na ujuzi huo ulirithiwa na mabinti kutoka kwa mama zao kwa kukaa karibu na chanja tangu utoto.

Msomaji ataniuliza, na ni haki yake: je, chumvi? Maana mwendo wa kama kilomita 100 mashariki ya Ujiji, penye makutano ya mto Ruchugi na Malagarasi, zimo chemchemi za Uvinza, ambazo maji yake ya chumvi ni katika mema kabisa ya Afrika ya Mashariki. Uchimbuzi wa mambo ya kale uliofanywa huko katika miaka ya 1960 na John Sutton na Andrew Roberts ulionyesha kwamba chumvi imekuwa ikipikwa pale kwa muda wa miaka kama 1,500. Katika karne ya 19 watu walikusanyika Uvinza kila kiangazi, wakapiga kambi, wakachemsha maji hayo katika vyungu, wakawalipa watemi wa Uvinza fungu lao, kisha wakatawanyika na mizigo ya chumvi kwenda pande zote. Ilhali mwambao wa Ujiji, uliokuwa jirani wa chumvi kiasi hicho, haukuwa nchi ya samaki wa chumvi kama ilivyo pwani ya Unguja na Pemba na nguru na papa wao. Mimi naona sababu yake ni bei. Chumvi ya Uvinza ilipikwa kwa kuni nyingi na taabu nyingi, na ilikuwa yenyewe ni bidhaa ya kubadilishana na majembe, nguo na mbuzi; kumwaga bidhaa hiyo juu ya dagaa, ambaye jua lingemkausha bure, kungekuwa ni kutumia mali kuhifadhi riziki. Jua halikuwa na ushuru wala mtemi.

Wala haifai kuisifu tarikhi hii pasipo kulitaja lililo chungu ndani yake. Katika zama za Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, na za Rumaliza, Muhammed bin Khalfan, aliyekuwa na makao yake Ujiji, watu waliotekwa Manyema na nchi nyingine za ng'ambo walivushwa ziwa na kupita katika mji ule wakielekea Tabora na pwani. Chakula kikavu kilichowezesha biashara ya pembe kilisafirisha pia biashara ya wanadamu, kwani msafara wa mateka nao ulihitaji kulishwa njiani, japo kwa uchache. Wengi katika waliobaki Ujiji, na watoto wao, ndio asili ya jamii ya Wamanyema ambayo mpaka leo ni uti wa mgongo wa mji ule.

Katika miaka hiyo hiyo ziwa lenyewe liligeuka. Cameron, msafiri mwingine wa Kizungu, alipofika kwenye mto Lukuga upande wa magharibi mwaka 1874, mto huo ulikuwa umezibwa na majani na udongo. Miaka michache baadaye kizuizi kilikatika, maji ya ziwa yakaanza kumiminika kuelekea Kongo, na kina kikashuka kwa mita kadhaa katika muda wa miaka isiyozidi 20. Hore aliyapima maji hayo Ujiji kwenyewe, akaandika yalivyoshuka. Matokeo yake ni kwamba ufuko ulisogea mbali na mji. Mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, karibu kabisa na maji, sasa ni mwendo wa dakika kadhaa kwa miguu kutoka ziwani. Kwa mwenye mtumbwi hiyo ilikuwa adha, kwa kuwa bandari ya Ujiji haikuwa na kina tena. Bali kwa mwenye kuanika, maji yalipokuwa yakirudi nyuma, yalimwachia uwanja mpana wa mchanga ambao mababu zake hawakuwa nao.

Wajerumani ndio walioipa Kigoma fadhila iliyokuwa ya Ujiji. Ghuba yake ilikuwa na kina na kinga dhidi ya upepo, nao waliichagua kuwa mwisho wa reli ya kati, ambayo kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 1,252, ilifika ziwani Februari 1914. Mwaka uliofuata meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa vipande vipande, iliteremshwa majini hapo Kigoma. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Vitabu huieleza meli hiyo kwa sababu ya vita. Watu wa mwambao huikumbuka kwa sababu nyingine: kwa vile vijiji vingi vya kusini havikuwa na gati, meli ilisimama mbali na ufuko, na mitumbwi iliizingira usiku au mchana, watu wakipandisha magunia ya dagaa na matenga ya migebuka ya moshi kwa kamba, wakipiga kelele za bei na za majina, mpaka king'ora kilie. Kwa miaka mingi kijiji kisicho na barabara kiliweza kuuza samaki wake Kigoma au Mpulungu, katika Zambia ya sasa, kwa sababu tu samaki hao walikuwa wakavu na waliweza kuingoja meli.

Reli ilibadilisha kiasi cha biashara kuliko ilivyobadilisha namna yake. Kilichohitaji wiki nne sasa kilihitaji siku mbili tatu, na walaji wapya walipatikana. Wabelgiji, waliokuwa wameishika Kigoma tangu 1916, walipewa baada ya vita haki ya kupitishia bidhaa zao bandarini hapo, na ng'ambo ya ziwa reli ya Albertville, ndiyo Kalemie ya sasa, iliingia ndani ya Kongo mpaka kuungana na njia za kwenda Katanga, ambako migodi ya shaba ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa. Samaki wakavu wa ziwa wakawa posho. Upande wa pili, Waha wa Kigoma na Kasulu, ambao serikali ya Waingereza iliwafanya kuwa hazina ya vibarua, walipanda reli kwenda kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, na popote walipokwenda manamba hao walikwenda na hamu ya chakula cha kwao. Siamini kuwa sifa ya dagaa wa Kigoma katika nchi nzima ilienezwa na wafanyabiashara peke yao. Ilienezwa na watu waliokuwa mbali na nyumbani, waliowapikia wenzao kambini dagaa kwa mawese na ugali wa muhogo, wenzao wakauliza watokako.

Miaka ya 1950 ilileta karabai. Kabla yake mvuvi aliwasha mwenge wa kuni mtumbwini, dagaa wakaufuata mwanga, akawachota kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Mwenge ulikula kuni nyingi na wavu ulichota kidogo. Taa ya mafuta, kisha nyavu kubwa za kuinua kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na nyavu za kuzungushia ambazo wavuvi wa Kiyunani walizitumia kaskazini ya ziwa, ziliongeza mavuno ya usiku mmoja kupita kipimo cha zamani. Lakini hakuna aliyeongeza jua. Ufuko ulikuwa ule ule, masika ilikuwa ile ile, na mwanamke mwenye ufagio alikuwa yule yule, akipokea alfajiri ndoo nyingi kuliko alizopokea mama yake. Hapa ndipo nionapo dhulma katika mpango wa maendeleo ya uvuvi wetu: fedha na elimu zilikwenda majini, kwa mwanamume na wavu wake, zikachelewa mno kufika nchi kavu, ambako samaki huharibika.

Zilipofika, zilikuja kwa namna mbili. Kwa dagaa vilihimizwa vichanja vya waya vilivyoinuliwa kimo cha kiuno, ambavyo upepo hupita juu na chini yake, dagaa wakakauka upesi, wasichanganyike na mchanga wala kufikiwa na kuku. Na mvua ikija, hufunikwa kwa turubai walipo. Mnunuzi wa mjini, ambaye kwa miaka mingi alizoea kuwaosha dagaa mara tatu ili kutoa changarawe, huwatambua mara moja walioanikwa juu ya waya, na yuko tayari kulipa zaidi. Kwa samaki wakubwa waliletwa majiko ya moshi ya mtindo wa Chorkor, yaliyoanza katika kijiji cha Chorkor karibu na Accra, Ghana, takriban mwaka 1970: kuta za udongo au tofali, na juu yake masanduku ya chanja yanayopangwa moja juu ya jingine, moshi ule ule ukapita katika yote. Fadhila yake kubwa ni kuni. Moto uliokuwa ukikausha safu moja ya migebuka hukausha safu nyingi, na katika nchi ambayo vilima vilivyo nyuma ya Kigoma na Ujiji vimekwisha kupoteza miti yao mingi, jambo hilo si dogo. Hata hivyo jiko hilo lina gharama, na mama anayeanza kwa mkopo wa ndoo tano huona shimo na fito kuwa nafuu, kwa sababu kuni hununuliwa kidogo kidogo na jiko hununuliwa mara moja.

Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, baada ya miaka mingi ya wavuvi kulalamika kuwa migebuka na dagaa wamepungua. Miezi hiyo mitatu ni miezi ya kiangazi, isiyo na mvua, ambayo mkaushaji huipenda kuliko yote. Katika mialo ya Kibirizi na Katonga waliokuwa na akiba ya samaki wakavu waliiuza taratibu kwa bei nzuri. Wasiokuwa nayo walitafuta riziki katika mawese na muhogo. Usiku wa kwanza wa kufunguliwa ziwa haukuwa mbali na mwezi mpevu, na dagaa hawaufuati mwanga wa taa mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo vichanja vya kuanikia vilingoja siku kadhaa zaidi kabla ya kujaa tena.